Buku Mbili ya Asubuhi Sio Buku Mbili ya Usiku

Kuna jamaa wa bodaboda kijiwe cha karibu na kwangu, huyu bwana ukimuona saa mbili asubuhi unaweza kumpa ashike hela za kikoba cha mtaa mzima. Chapati ya mia tatu anauliza kwanini isiwe mia mbili. Ukimwambia apakie mishkaki, yaani abiria wawili kwa mpigo, anakataa, anakuambia trafiki wa pale mataa hana utani na yeye hana hela ya kumpa mtu. Sasa mtu huyo huyo, pikipiki ile ile, subiri ifike saa kumi na moja jioni siku ambayo hesabu haijatimia. Hapo mishkaki anapakia, taa nyekundu anaiona ya njano, na kama mfukoni ana elfu saba wakati bosi mwenye pikipiki anasubiri elfu kumi yake ya siku, basi buku mbili inatoka kwenye ile saba inaingia kwenye simu kubeti, mkeka wa timu kumi ambao zote zikishinda ndio unalipwa, au kile kindege kinachopaa alafu kinatokomea na hela za watu. Nimemuona mara nyingi mpaka nikaacha kushangaa, nikaanza kujiuliza tu, huyu wa asubuhi na huyu wa jioni yupi ndio yeye?

Mtaani tunalo neno moja la kufunga mjadala: tamaa. Mchungaji anasema tamaa, shehe anasema tamaa, mjumbe wa nyumba kumi anasema tamaa, mke wa jamaa anasema tamaa na maneno mengine ambayo siyaandiki hapa. Na mimi nilikua hapo hapo kwenye tamaa miaka mingi. Ila neno hilo lina shida moja, halielezi kwanini tamaa inaamka saa kumi na moja jioni na inalala asubuhi. Tabia ya mtu haina saa. Kitu chenye saa ni mazingira, na ninachotaka kusema leo ni kwamba ubongo wa binadamu haupimi hela kwa shilingi, unaipima kwa kilichoizunguka: ulikua unategemea nini, umebakiza ngapi kufika unapotakiwa kufika, nani anakuangalia, umetoka kupoteza au umetoka kupata. Ukibadilisha hivyo vitu bila kumgusa mtu mwenyewe, umepata mtu mwingine.

Twende kwa ndege kwanza. Kuna ndege wadogo wa Mexico na Arizona wanaitwa junco, macho ya njano, ukubwa wa shomoro hivi. Mwanabiolojia mmoja wa Marekani, Thomas Caraco, na wenzake, kuanzia mwaka 1980 waliwafanyia majaribio ambayo mimi nikiyasoma namuona jamaa yangu wa boda kabisa. Ndege anapewa sehemu mbili za kula. Sehemu ya kwanza kila akienda anakuta mbegu 3, uhakika. Sehemu ya pili ni kubahatisha, mara anakuta 6 mara anakuta 0, nusu kwa nusu, kwahiyo kwa wastani ni 3 zile zile. Kwenye chumba chenye joto la nyuzi 19 ndege walipendelea uhakika. Wakashusha mpaka nyuzi 1, baridi kali, ndege wale wale wakahamia kwenye kubahatisha.

Na ukikaa ukafikiria unaona hawakuchanganyikiwa. Ndege mdogo anatakiwa akusanye nguvu za kutosha mchana ili avuke usiku, asipofikisha anakufa. Kukiwa na joto mbegu tatu tatu zinamfikisha, sasa abahatishe ya nini. Kukiwa na baridi mbegu tatu tatu hazimfikishi hata akila kwa adabu siku nzima, kwahiyo uhakika wenyewe ni uhakika wa kufa, na njia pekee yenye upenyo ni ile ya sita au sifuri. Hesabu yake ni ya usiku. Ya jamaa ni ya bosi. Saa kumi na moja jioni ukiwa na elfu saba, kupeleka elfu saba na kupeleka elfu tano kwa bosi mkali ni matusi yale yale na vitisho vile vile vya kunyang'anywa pikipiki, kwahiyo ile buku mbili ya katikati kwake haina kazi tena, imekua kama mbegu ambazo hazivushi usiku. Asubuhi ilikua na kazi. (Nisiwadanganye lakini, majaribio yaliyofuata kwa wanyama wengine yametoa majibu ya kila aina, wengine hawapendi kubahatisha hata wakiwa na njaa. Ila hawa junco walifanya hivyo, na jamaa anafanya hivyo.)

Hili la kuishi kwa lengo la siku sio la bodaboda peke yao. Mwaka 1997 Colin Camerer na wenzake walichambua karatasi za safari za madereva teksi wa New York wakaona wengi wanafunga kazi mapema siku biashara nzuri na wanakesha siku biashara mbaya, yaani kinyume na mchumi angekushauri, maana lengo lao lilikua limeandikwa kwa siku. Mchumi mwingine, Henry Farber, akaja na data nyingi zaidi akasema hapana, madereva wengi hawako hivyo. Wanabishana mpaka leo. Mimi nadhani dereva wa New York hana mtu anayempigia simu saa mbili usiku kumuuliza "hesabu yangu iko wapi", ndio maana kwao ushahidi unayumba.

Sasa ndani ya kichwa kunatokea nini. Hapa inabidi tumtaje Wolfram Schultz, Mjerumani, kazi yake kubwa alianzia Uswisi kisha akahamia Cambridge. Huyu alikua anasikiliza seli moja moja za ubongo wa nyani, zile zinazotoa dopamini, kemikali ambayo watu mtandaoni wanaiita kemikali ya raha. Nyani akipewa tone la juisi bila kutegemea, seli zinalipuka kwa kelele. Ukimzoesha kwamba taa ikiwaka juisi inakuja, baada ya muda seli zinapiga kelele kwenye taa, juisi yenyewe ikija zinanyamaza kama hakuna kilichotokea. Na taa ikiwaka alafu juisi isije, zinashuka chini kuliko kawaida pale pale kwenye sekunde ambayo juisi ilitakiwa kuja. Mwaka 1997 yeye na Peter Dayan na Read Montague wakaandika kwamba hizi seli hazihesabu juisi, zinahesabu tofauti kati ya ulichopata na ulichotegemea. Kwahiyo hilo jina la kemikali ya raha limekaa vibaya, hii ni kemikali ya "kumbe". Kumbe nimepata zaidi, kumbe nimepata pungufu.

Ndio maana mshahara wa tarehe 28 haukufurahishi na elfu tano uliyoikuta kwenye mfuko wa suruali ya zamani inakufanya utabasamu peke yako kwenye daladala.

Alafu kuna jaribio lingine la Schultz na Léon Tremblay, mwaka 1999, ambalo mimi ndio lilinimaliza. Walikua wanasikiliza sehemu ya mbele ya ubongo, juu kidogo ya macho. Nyani anapewa vyakula viwili viwili: zabibu kavu, tufaha, na nafaka. Anapenda zabibu kuliko tufaha, na tufaha kuliko nafaka. Kuna seli zilikua zinaitikia tufaha kwa nguvu pale tufaha lilipokua linashindana na nafaka, ila tufaha lile lile likiwekwa siku ya zabibu, seli zile zile kimya. Tufaha halijabadilika, ladha ni ile ile. Kilichobadilika ni jirani yake. Sasa weka buku mbili mahali pa tufaha. Asubuhi jirani yake ni chapati na chai. Jioni jirani yake ni mkeka unaosema "unaweza kushinda 1,840,000", imeandikwa kwa maandishi makubwa ya kijani, unategemea buku mbili itasema nini mbele ya hiyo?

Watengeneza apu za kubeti sijui kama wamesoma hayo majaribio, labda hawana haja, wanajaribu tu rangi hii na maneno yale wanaangalia lipi linaingiza zaidi na wanafika pale pale. Maneno yana kazi kubwa kuliko tunavyofikiri. London mwaka 2006 Benedetto De Martino na wenzake waliwaweka watu 20 kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, kila raundi wanaambiwa umepewa hela kiasi fulani, tuseme pauni 50. Mara wanaulizwa: unabaki na 20, au unabahatisha zote? Mara wanaulizwa: unapoteza 30, au unabahatisha zote? Soma tena, kubaki na 20 kwenye 50 na kupoteza 30 kwenye 50 ni kitu kimoja, mtoto wa darasa la tatu anajua. Walipoambiwa "unabaki" walibahatisha asilimia 42.9 ya raundi, walipoambiwa "unapoteza" wakabahatisha asilimia 61.6. Neno moja tu limehamisha watu wazima wenye akili zao. Na kwenye picha, kiungo kidogo kinaitwa amigdala, kinachohusika sana na hofu na hisia, kilikua kinawaka zaidi pale mtu alipofuata neno. Kuna waliokua wagumu kidogo, hao sehemu yao ya mbele ya ubongo ilikua inafanya kazi zaidi, kwahiyo watu wanatofautiana, sikatai.

Jambo hili ndio linaeleza ule usiku. Sote tunaujua ule usiku. Umeweka jero, imeliwa. Umeweka buku, imeliwa. Kufika saa nne umepoteza elfu nane na sasa hubeti tena ili ushinde, unabeti ili urudishe. Ukisikia mtu anasema "narudisha hela yangu tu alafu nalala" ujue tayari amehama kutoka kwenye "unabaki" kwenda kwenye "unapoteza", na kwenye upande huo ubongo unakubali dau ambalo mchana ungelicheka. Watu wanaobeti mbio za farasi Marekani walionekana wanafanya hivi zamani sana, William McGlothlin aliandika mwaka 1956 kwamba kwenye mbio za mwisho za siku watu wanajaza hela kwa farasi dhaifu wasio na matumaini. Kwanini? Maana siku inaisha na wengi wako chini, na farasi mzuri anayelipa kidogo hawezi kukurudisha ulipotoka. Anayeweza ni yule kiwete. Nilifanya hivyo mimi mwenyewe, mwaka ambao sitautaja, mechi ya ligi ya nchi ambayo sijui hata mji wake mkuu, saa saba usiku, timu zote mbili sikuwahi kuzisikia. Niliangalia takwimu za dakika mbili nikajiona mchambuzi.

Tuje kwenye mkeka wenyewe maana hapa kuna hesabu ambayo watu hawaipigi. Chukua mkeka wa timu kumi, na tuwe wakarimu, kila timu ina asilimia 70 ya kushinda, timu za uhakika kabisa, zile za "hii haiwezi kufungwa". Nafasi ya zote kumi kushinda ni 0.7 ukiizidisha yenyewe mara kumi, inakuja kama 2.8 kwenye 100. Sawa, hiyo watu wanaikisia. Sasa piga nafasi ya mkeka kuchanwa na timu moja tu, tisa zimetiki moja imekuangusha: ni kama 12 kwenye 100. Yaani kwa kila mara moja unayoshinda, zaidi ya mara nne utakosa kwa timu moja. Mkeka wa timu nyingi kazi yake kubwa, ukiuangalia hivyo, ni kuzalisha "ilikua imebaki moja tu!" Kila kijiwe kina stori zake, dakika ya 93, penalti, kipa aliyedaka mpira ukamponyoka, na mwenye stori anakusimulia kama mtu aliyekaribia.

Na kukaribia kwenye ubongo sio kukosa. Luke Clark na wenzake, Cambridge, mwaka 2009, walitumia mashine ya picha zinazozunguka, wakaona mchezaji akikosa kwa kidogo, sehemu za ndani za ubongo zinazowaka akishinda hela nazo zinawaka kidogo. Wachezaji wenyewe walisema kukosa kwa kidogo kunaudhi kuliko kukosa kabisa, ila wanatamani zaidi kuendelea, hasa pale walipochagua picha wao wenyewe. Na mkeka unachagua nani? Wewe. Umekaa nusu saa unachagua. Kwahiyo kila aliyechanwa na timu moja hajajifunza kwamba njia ni mbaya, kichwa chake kimeandika kwamba njia ni nzuri ila ile timu ni ya laana.

Bado kuna mkato wa nyumba. Timu ya asilimia 70 kwa haki ingetakiwa ikulipe mara 1.43 ya dau. Tuseme wao wanakupa 1.35, unaona tofauti ndogo, senti tu. Ila ukizifunga kumi pamoja ile tofauti ndogo inazidishana, katika kila shilingi 1,000 unayoweka, kwa wastani unarudishiwa kama 568. Mtu angekuambia nipe elfu moja nikupe mia tano sitini na nane ungemuita mwizi. Akiigawa kwenye mechi kumi na muziki wa Ligi ya Mabingwa ukipiga nyuma, unamuita fursa.

Kile kindege, gemu ya Aviator ambayo dau lako linazidishwa kadri kinavyopaa na unatakiwa utoe hela kabla hakijatokomea, kina ujanja tofauti. Aviator inatangaza kwamba inarudisha 97 kwa kila 100, na kwa maandishi ni bora kuliko mkeka wa timu kumi mara nyingi tu. Ila mkeka unakupa siku nzima ya kusubiri na kindege kinakupa sekunde. Ukiweka 1,000 raundi 200, ambayo ni usiku mmoja wa kawaida kwa mtu aliyekolea, umepitisha laki mbili mkononi na kwa wastani umeacha elfu sita, na elfu sita ni wastani, wengi wanaacha kila kitu maana wanafika kwenye sifuri kabla ya raundi ya 200. Na pembeni ya kindege kuna orodha inapita, nani kachukua hela ikiwa imezidishwa mara ngapi, mara 3, mara 12, mara 40, majina yamefichwa nusu, ila unawaona. Hapo ndio linaingia suala la nani anakuangalia.

Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Philadelphia, mwaka 2005, waliwapa watu gemu la kuendesha gari, taa ya njano inawaka, unaamua usimame au upite. Watu 306, vijana wa miaka 13 mpaka 16, wa 18 mpaka 22, na watu wazima kuanzia 24. Wakicheza peke yao hawakuachana sana. Wakiwekewa wenzao wawili pembeni, wale wadogo walijiingiza kwenye hatari zaidi sana, wale wa katikati zaidi kiasi, watu wazima karibu vile vile. Miaka michache baadae timu ya Steinberg ikaangalia ubongo ikaona vijana wakijua tu kwamba mwenzao anawaangalia kutoka chumba kingine, zile sehemu za ubongo zinazowaka mtu akitegemea zawadi zinachangamka. Rafiki hajasema neno. Hajashawishi. Yupo tu. Sasa mtoto wa miaka 17 yupo kwenye grupu la Telegramu la watu elfu kadhaa wanaorusha mikeka iliyotiki (iliyochanika hairushwi, umewahi kuiona?), unamwambia eti ajizuie, unamwambia nani na wa kichwa gani.

Najua kuna mtu hapa anasema basi huyu anawatetea wacheza kamali, mtu mzima ana akili timamu anachagua mwenyewe. Huyo nampa stori ya vidonge. Wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, dopamini yao imepungua, wanapewa dawa zinazoiga dopamini. Kuanzia miaka ya 2000 madaktari wakaanza kuona wazee watulivu, watu wa kanisani na bustani, hawajawahi kucheza hata bahati nasibu, ghafla wamemaliza akiba ya uzeeni kwenye kasino. Utafiti mkubwa wa Daniel Weintraub wa mwaka 2010, wagonjwa 3,090, ulikuta matatizo ya kushindwa kujizuia, kamali ikiwemo, kwa kama asilimia 17 ya waliokua kwenye hizo dawa na kama asilimia 7 ya wasiokua nazo. Na wengi dozi ikipunguzwa au ikiachwa, yule mzee wa zamani anarudi. Niambie hapo tamaa ilitoka wapi ikaenda wapi. Haimaanishi mtu hana uchaguzi kabisa, inamaanisha uchaguzi una udongo wake unapoota.

Na udongo mwingine uko hapa hapa kwetu, Ziwa Eyasi. Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji, wamefanyiwa utafiti mwingi mpaka nadhani wamechoka, lakini huu mmoja ni mzuri. Watu wa mjini na wa nchi tajiri wana tabia moja inajulikana: ukishampa mtu kitu, hata kwa bahati tu, hataki kukibadilisha na kingine chenye thamani ile ile, anaogopa kupoteza. Wachumi walidhani ndio binadamu alivyoumbwa. Coren Apicella na wenzake, matokeo yalitoka 2014, wakawapa Wahadzabe vitu vidogo, biskuti na viberiti vya gesi, alafu wakawauliza unabadilisha? Walioko mbali na soko walibadilisha karibu nusu, kama vile umerusha shilingi juu, hawakujali walichoanza nacho. Walioko upande wa Mangola, wanaokutana na watalii na kuuza mishale na shanga, wakabadilisha karibu robo tu. Kabila moja, lugha moja, ila waliokaa karibu na soko wameshaota ile hofu ya kupoteza. Na hofu ya kupoteza ndio ile inayomfanya mtu "arudishe hela" saa nne usiku.

Cha kuchekesha ni kwamba hao Wahadzabe wa porini wanacheza kamali, tena sana. Mchezo unaitwa lukuchuko, wanarusha vipande vya magome ya mti kwenye shina, vinavyoangukia ndio vinaamua, na wanaume wanaweza kukaa kwenye mchezo huo siku nyingi. Mwanaanthropolojia James Woodburn aliueleza vizuri: wanashindania mishale yenye vyuma, visu, shanga, nguo, ila upinde wa mtu, mishale yake ya ndege na mfuko wake wa ngozi haviwekwi dau. Yaani chombo chako cha kazi hakiguswi. Na hakuna nyumba inayokata asilimia, kinachotoka kwako kinaenda kwa mwenzako, kesho kinarudi, na aliyejilimbikizia anasumbuliwa acheze mpaka vitoke. Kamali kule inasambaza mali. Kamali yetu inaikusanya kutoka vijiwe elfu moja inaipeleka sehemu moja, na upinde ndio kitu cha kwanza kuwekwa, nimeona pikipiki ya mtu, ya mkataba, ikiwekwa rehani kwa ajili ya fainali.

Kwahiyo nikisikia kampeni ya "cheza kistaarabu" inaandikwa kwa herufi za kusomwa na darubini chini ya bango, nacheka. Unamwambia ndege wa kwenye nyuzi 1 acheze kistaarabu. Uingereza, ambako kubeti ni utamaduni wa zamani, wameanza kugusa chumba badala ya ndege. Mwaka 2019 mashine za kamali za kwenye maduka ya kubeti ambazo ulikua unaweza kuweka pauni 100 kwa raundi zikashushwa mpaka pauni 2. Mwaka 2021 mashine za picha zinazozunguka za mtandaoni zikalazimishwa raundi isipungue sekunde 2.5, kucheza kwa kujiendesha kukapigwa marufuku, na mashine zikakatazwa kupiga vigelegele pale unapopata pungufu ya ulichoweka. Hiyo ya mwisho naipenda, mtu amekaa akafikiria kwamba sauti tu ya ushindi wa uongo inatosha kumuumiza mtu. Mwaka 2025 wakaweka na kikomo cha dau kwenye mashine hizo za mtandaoni, pauni 5, na pauni 2 kwa walio chini ya miaka 25.

Huku kwetu mjadala unaishia kwenye kodi. Kenya mwaka 2019 iliweka ushuru wa asilimia 20 juu ya dau, 2020 ikautoa, baadae ukarudi kwa viwango vingine, na Aprili 2025 ikasimamisha matangazo ya kamali kwa siku 30. Siku 30 za kutokuona tangazo mimi naziona zina maana kuliko ushuru, sababu ushuru unabadilisha bei na tangazo linabadilisha jirani wa buku mbili. Ila hakuna anayegusa kasi. Hakuna anayeuliza kwanini hela inaingia kwenye kubeti kwa sekunde tatu na kuitoa kuna hatua sita, au kwanini ujumbe wa bonasi unakuja usiku. Mimi ningeanza na saa. Funga michezo ya papo kwa papo kuanzia saa nne usiku mpaka asubuhi, uone watu wangapi watalala na zile hela zao za "kurudisha".

Na ningegusa hesabu. Hili nimewaambia watu wawili wenye bodaboda, wamenikatalia wote. Kwanini hesabu iwe ya siku? Fanya ya wiki, elfu sabini Jumapili jioni badala ya elfu kumi kila jioni, siku ya mvua inafidiwa na siku ya mkutano wa hadhara, na dereva anakua na jioni moja ya baridi badala ya saba. Wanasema ataila. Inawezekana ataila wengine, na hiyo Jumapili moja inaweza kuwa mbaya kuliko zote saba, nakubali. Ila mmoja wao baada ya kunikatalia akaniambia yeye mwenyewe marejesho ya mkopo wa pikipiki anapeleka kila siku.

Jana nikamsimulia jamaa habari za wale ndege, nyuzi 19, nyuzi 1, mbegu tatu, sita au sifuri. Alisikiliza vizuri kabisa, simu ameishika, mkeka haujakamilika, ana timu nane anatafuta mbili. Akaniuliza, "Sasa kaka, hao ndege hesabu wanampelekea nani?" Nikamwambia wanaipelekea usiku. Akatikisa kichwa akasema, "Afadhali wao, usiku haupigi simu," akavaa kofia maana abiria alikua amefika, wawili, na akawaambia pandeni.